Wakwe zangu wa Zambia walifika na vyungu Jumamosi, mimi nawasubiri Saba Saba

Wakuu, heshima kwenu wote, mlio bara, visiwani na mlioko ughaibuni mnakula baridi.

Juzi kuna mdau kaleta uzi humu akilia. Anafanya kazi na wenzake wa Lusaka, Nairobi na Kigali, na kila akipanga kikao anakuta nchi mojawapo imefunga ofisi. Akaomba mbinu za kupanga mambo kwa kuangalia sikukuu za kila nchi.

Wengi mmempa majina ya app. Mimi app sina. Nina kisa changu, kilinipata mwenyewe, na nakileta kama kilivyokuwa. Pale kumbukumbu ilipochakaa nitasema imechakaa, sitajazia maneno.

Wale wa "weka summary" mtanisamehe, hiki hakifupishiki.

Mimi ni Mfipa, mzaliwa wa kijiji kimoja njia ya Namanyere. Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa nimepanga chumba na sebule Katandala, Sumbawanga mjini.

Wakongwe mnakumbuka kile kipindi. Duka la ushirika limeshafungwa, ruksa ya kufanya biashara imekuwa mazoea, kila mwenye miguu anajiita mfanyabiashara. Huyu anauza mitumba Kizwite, yule anavusha sabuni, mwingine anaanza biashara Jumatatu na Ijumaa amefilisika. Mimi nilivusha chikanda.

Kwa msiojua, chikanda ni viazi vidogo vya porini, vinachimbwa kwenye mbuga za majani kule juu Ufipa. Sisi tulikuwa tunavikanyaga tu. Wazambia wanavitwanga, wanachanganya unga wake na karanga na pilipili, wanapika mpaka kinakuwa kitu kizito cha kukata vipande kwa kisu. Wanakipenda balaa.

Basi nakusanya magunia, nayapakia kwenye pikapu ya jamaa mmoja anaitwa Simoni, tunapita Matai hadi mpakani Kasesya, tunavuka, tunashusha Mbala, upande wa Zambia. Simoni alikuwa dereva, lakini kwangu alikuwa pia posta na simu. Enzi zile ukitaka kumwambia mtu kitu ng'ambo unamwambia Simoni, naye anakifikisha kadiri anavyokumbuka.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoingia kwenye mtego.

Mwaka wa kwanza nilifika Mbala siku ya Saba Saba yenyewe. Nakuta mji umelala. Maduka yamefungwa, soko limebaki wauza nyanya wachache. Nikasema moyoni, kumbe na hawa jamaa wana Saba Saba yao!

Nikakaa kwenye baraza ya nyumba moja na magunia yangu, sina pa kwenda. Ndani akatoka binti, akaniletea kikombe cha maji na kunicheka. Akaniambia leo ni holiday, ni Heroes Day, mnunuzi wako humpati. Huyo ndiye Gladys.

Sikumpata mnunuzi siku ile wala kesho yake, maana kesho yake nayo ilikuwa holiday, wanaiita Unity Day. Wakuu, sikulalamika hata kidogo. Nilikaa pale barazani kama nimelipwa.

Mwaka wa pili nikapanga kwa makusudi. Saba Saba nikawa Mbala. Na kweli, nakuta pamefungwa, Gladys yupo nyumbani. Mnaona? Miaka miwili mfululizo tarehe ile ile. Mtu mzima na akili zako utauliza nini tena?

Na hapa nitajitetea kidogo. Sisi Watanzania sikukuu ya serikali kwetu haitembei. Muungano tarehe yake ni ile ile toka tunazaliwa. Uhuru ni ile ile. Saba Saba na Nane Nane ndiyo kabisa, tarehe imo kwenye jina. Zinazotembea ni za Mungu tu, Pasaka na Idi. Sasa nani angenifundisha kwamba kuna nchi, tena jirani, serikali yake inasema "Jumatatu ya kwanza ya mwezi" na watu wanaelewana?

Ndiyo hivyo wakuu. Heroes Day ni Jumatatu ya kwanza ya Julai, Unity Day ni Jumanne inayofuata. Mwaka ule wa kwanza Jumatatu yenyewe ilidondokea tarehe saba. Mwaka wa pili tarehe saba ikadondokea ile Jumanne ya Unity Day. Bahati tupu. Mimi nikaifanya kanuni.

Turudi kwenye mapenzi. Mwaka wa tatu mambo yakawa serious. Nilishapeleka barua kwao kwa heshima zote, na kwa upande wa mama na wajomba zake hakukuwa na neno.

Kizingiti kilikuwa shangazi yake. Auntie Rhoda, mwalimu kule Kasama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hata ng'ombe angeitii. Yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya mabinti wa ukoo wao.

Na alikuwa na sababu. Dada yake mmoja aliolewa ng'ambo ya mpaka zamani, na mfanyabiashara kama mimi. Mume yuko safarini, mke akaugua. Akalala ndani bila mtu wa kumpa maji. Habari zilipofika kwao walikuta kaburi. Tangu hapo Auntie Rhoda akaapa hakuna binti wa kwao atakayevuka mpaka kwenda kwa mwanaume asiye na watu.

Kwa hiyo jibu lililokuja kupitia Simoni lilikuwa hili: "Wanasema hawana shida na wewe. Wanataka kuona watu wako. Wataleta moto kwako kwenye ile holiday yao ya mwezi wa saba."

Kuleta moto ni mila yao, wanaiita chilanga mulilo, maana yake kuonyesha moto. Kina mama wa upande wa bibi harusi wanapika vyakula vyote vya nyumbani kwao, wanavibeba kichwani, wanakuja kwa mwanaume wakiimba. Chungu kimoja kimoja kinafunuliwa, unaonyeshwa mke wako atakavyokuwa anakulisha. Binti mwenyewe haji.

Lakini kuna masharti. Chakula kile hakipokelewi na mtu mmoja. Lazima baba akae, mama akae, ndugu wajae. Wasipokuwepo, vyungu vinarudi vilivyokuja, na vikirudi, uchumba umekwisha. Hakuna rufaa.

Nikapanga kama jenerali. Saba Saba mwaka ule iliangukia Jumatano. Baba na mama walikuwa kijijini kwenye kupura ulezi, na kwetu wakati wa ulezi hata padri akitaka kukuona anakufuata shambani. Wakasema watasimamisha kazi kwa ajili ya sikukuu tu. Baba mdogo mwalimu naye alikuwa huru siku hiyo tu. Wote wangepanda lori la magunia Jumanne, walale kwangu, Jumatano asubuhi wakwe wakute ukoo umekaa.

Mbuzi nimeagiza aletwe Jumanne. Viti vya kuazima Jumanne. Kunyoa nywele Jumanne. Kila kitu Jumanne.

Jumamosi asubuhi, siku nne kabla, nilikuwa uani nafua. Nimevaa kaptula iliyochanika na sweta la baridi la Julai, mnalijua baridi la Sumbawanga la mwezi huo, linaingia mpaka kwenye meno. Sebule imejaa magunia ya chikanda hadi dirishani. Kiti nilikuwa nacho kimoja, nimekianikia suruali.

Nikasikia nyimbo.

Mwanzoni nikadhani ni watu wa kipaimara wanatoka kanisani. Nyimbo zikazidi kusogea. Nikachungulia juu ya ua wa mabua.

Wakuu, niliwaona kina mama wanapinda kona ya barabara yetu, wamefunga vitenge sare, vyungu kichwani vimefunikwa vitambaa vyeupe, mmoja anapiga ngoma. Mbele yao Auntie Rhoda. Nyuma kabisa Simoni na pikapu yake, ananionyesha mikono miwili hewani, ile ya "hata mimi sijui".

Kumbe holiday imeanza. Kwao ukiwa na Jumatatu na Jumanne za holiday, unaunga na Jumamosi na Jumapili, unapata siku nne. Watu wenye kazi zao wanasafiri Ijumaa, wanafanya jambo Jumamosi, wanarudi Jumatatu, Jumanne wanapumzika. Mahesabu safi kabisa. Jumatano Auntie Rhoda anatakiwa darasani! Angekuja vipi Saba Saba?

Nilisimama pale na povu mikononi. Nitasema ukweli, nilitamani kuruka ua wa nyuma nikimbilie kijiji cha Pito. Niliogopa. Nilimuona Gladys ananipotea hivi hivi, kwa sababu ya kalenda.

Wakafika getini wakasimama. Hawaingii. Mila inataka mtu wa upande wa mwanaume atoke awafungulie njia, aweke kitu kwenye sahani. Si bwana harusi. Bwana harusi hatakiwi hata kuonekana mpaka wageni waingizwe ndani.

Wimbo unaendelea. Wanarudia beti. Wanarudia tena.

Hapo ndipo alipotokea Mzee Masanja.

Mzee Masanja alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Msukuma, alihama na ng'ombe wake toka Shinyanga, mifugo akaiweka nje ya mji na nyumba akanunua Katandala ili watoto wasome. Mrefu kama mlingoti, kofia pana, sauti ya kuitia ng'ombe. Tulikuwa majirani wa kawaida. Nilimsaidia kubeba mama yake alipougua, yeye akanipa maziwa bila kuuliza bei. Basi, ujirani.

Aliangalia wale kina mama, akaniangalia mimi na kaptula yangu, akaelewa. Alikuwa anajua habari za Gladys, Katandala nzima ilikuwa inajua.

Akaniambia kwa sauti ya chini, na kwake sauti ya chini ni ile inayofika nyumba ya tatu: "Ng'wanawane, ingia ndani ukavae suruali."

Ng'wanawane ni mwanangu. Nikaingia.

Nikiwa ndani nafunga mkanda, nikamsikia getini: "Karibuni sana, bhageni wetu! Karibuni nyumbani!" Akaweka kitu kwenye sahani. Vigelegele.

Halafu nikasikia Auntie Rhoda anauliza. Alikuwa anaongea Kimambwe polepole, ambacho kiko karibu sana na Kifipa chetu, na anachomekea Kiswahili cha mpakani. "Wewe ndiye baba?"

Nikafumba macho.

Mzee Masanja akajibu: "Mimi ndiye niliyepo."

Hapo hapo mlango wa nyuma ukafunguka kwa teke. Mama Regina. Huyu alikuwa mjane, kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa, mwanamke ambaye akikuta umekosa misa mbili anakufuata kitandani. Alikuwa na kina mama wa jumuiya nyuma yake, wengine bado na unga mikononi.

"Wewe mtoto una wazimu," akaniambia. "Wakwe wanakuja, umejaza viazi sebuleni?"

Nikajaribu kumweleza habari za Saba Saba. "Saba Saba ya nani? Shika hilo gunia!"

Magunia yalitoka kwa nyuma kama nyumba inaungua. Mikeka ikatoka kwa mama huyu, viti kwa yule, kitambaa cha meza nadhani kilikuwa cha altare ya nyumbani kwa Mama Regina, sijawahi kuthubutu kumuuliza. Wageni walipomaliza kucheza uani kuelekea mlangoni, sebule ilikuwa na watu wamekaa. Mzee Masanja kwenye kiti changu pekee, amevua kofia. Mama Regina kwenye mkeka pembeni yake, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya askofu.

Mimi nikakalishwa katikati, kichwa chini. Hiyo ndiyo kazi ya bwana harusi.

Vyungu vikawekwa mstari. Kila kimoja kinafunuliwa kwa wimbo, na mnaopokea mnatakiwa mjibu kwa wimbo wenu. Hapo ikawa shughuli. Kina mama wetu nyimbo walizozijua pamoja ni za kanisani tu. Kwa hiyo chungu cha maharage kilipokelewa kwa wimbo wa matoleo, na samaki wakavu wakapokelewa kwa wimbo wa kwaresma. Niliinama zaidi ili nisicheke.

Kilipofunuliwa chikanda, Auntie Rhoda akanikatia kipande mwenyewe. Wakuu, miaka yote ile navusha magunia, sijawahi kukionja kimepikwa. Kilikuwa kitamu mpaka nikasikia hasira kwa bei niliyokuwa nauzia.

Halafu akaja kuku.

Kwao kuku anapikwa mzima, hakatwi. Na firigisi ni ya baba mwenye nyumba, kama kwetu tu. Hiyo ndiyo sehemu nzito ya shughuli. Anayekula ile firigisi amekubali mbele ya watu kwamba binti huyu ni wake, akiugua ni wake, akilia usiku ni wake.

Auntie Rhoda akaitoa, akaiweka kwenye sahani peke yake, akapiga magoti mbele ya Mzee Masanja na kupiga makofi taratibu kama wanavyofanya kwa heshima.

Mama Regina aliyekuwa na wimbo tayari mdomoni aliumeza.

Mzee Masanja aliitazama ile firigisi kwa muda. Mimi nilikuwa namuomba kimoyomoyo, kula mzee, kula yaishe.

Akaomba kisu.

Akaikata katikati. Nusu akaila, anatafuna polepole kila mtu anamwangalia. Nusu akaifunika na bakuli, akaisogeza pembeni.

Akasema: "Hii nyingine ni ya mwenye mtoto. Baba yake yupo, mzima, yuko kwenye ulezi njia ya Namanyere, alijua mnakuja Jumatano. Mimi ni jirani. Nimekula yangu ya ujirani."

Kwisha habari. Mzee wa watu ameshindwa kudanganya, na mimi nimekosa mke.

Auntie Rhoda hakunyanyuka. Alibaki pale amepiga magoti. Akamgeukia Mama Regina: "Na wewe si mama yake."

"Mimi ni wa jumuiya," Mama Regina akajibu, kidevu juu. "Huyu namdai misa tatu."

"Na hawa wote?"

Mama mmoja akasema yeye anakaa nyumba ya bluu. Mwingine akasema yeye alikuwa anapita tu kwenda mashineni kusaga.

Auntie Rhoda akatazama chini. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, vyote kwa pamoja. Wale kina mama wenzake nao wakaangaliana.

Alipopata sauti akasema maneno ambayo sijayasahau, nayaleta kwa Kiswahili changu:

"Siku ya sikukuu kila mtu ana ndugu. Dada yangu siku ya harusi yake uwanja ulijaa watu wa mume wake, wamepangwa vizuri, wamevaa vizuri. Aliugua siku ya kazi. Nilikuja hapa kuona watu mliowapanga. Mungu amenionyesha ambao hamkuwapanga."

Akasimama, akanivuta sikio. Si kwa utani wakuu, alilivuta. "Wewe nawe, jifunze kalenda."

Vigelegele vilivyopigwa vilimtoa Simoni kwenye pikapu alikokuwa amejificha. Watu wakala. Watani wa mtaani wakaja kula ambao hata sijui walikuwa watani wa nani. Jioni vyungu vilikuwa vyeupe.

Jumanne lori likaleta ukoo wangu, wamevaa nguo za sikukuu, mama na kikapu kichwani. Wakakuta kila kitu kimeshapita.

Mama yangu aliumia. Siwezi kuficha hilo. Alikaa kwenye mkeka, akauliza nani alikaa nafasi yake. Nikamwambia. Akajifunga kanga upya, akatoka peke yake kwenda kwa Mama Regina. Sijui walisemezana nini. Alirudi jua linazama, macho mekundu, wameshikana mikono, na toka siku hiyo kila akija mjini alikuwa anafikia kule kwanza kabla ya kwangu.

Baba alipewa nusu yake. Ilikuwa imekauka, ngumu kama soli. Aliitafuna yote, na Mzee Masanja amekaa mbele yake anahakikisha hatemi.

Wakuu, naomba tuweke somo hapa, kwa yule mdau wa vikao hasa.

Usiamini kwamba sikukuu ya jirani inakaa kama ya kwenu. Zambia wana za Jumatatu ya kwanza, kama hizo za Julai, na ya wakulima ya Agosti ambayo haijawahi kukutana na Nane Nane yetu hata siku moja. Kwao sikukuu ikidondokea Jumapili, Jumatatu wanapumzika. Sisi ikidondokea Jumapili imeliwa, pole yako. Idi sisi wote tunasubiri mwezi uandame, wao ofisi zinaendelea. Usiulize "holiday yenu ni lini" tu. Uliza ni Jumangapi, uliza wanaanza kusafiri lini, uliza wanarudi kazini lini. Watu hawasafiri siku ya sikukuu, wanasafiri kuizunguka.

Mwambie unayepanga naye airudie siku hiyo kwa mdomo wake. Na ukituma ujumbe kwa dereva, mtume na dereva mwingine.

Hilo ndilo somo la kalenda, na ni zuri, lishikeni.

Ila mimi lililonikaa ni lingine. Tulipokaa kupanga siku ya harusi, baba akapendekeza tutafute sikukuu inayofaa nchi zote mbili, ili watu wapate nafasi. Auntie Rhoda akatuma jibu akakataa. Akataka siku ambayo si sikukuu ya mtu yeyote, Tanzania wala Zambia, si ya serikali wala ya dini. Anayetaka kuja ataomba ruhusa kazini. Asiyeomba tutamjua.

Nikaogopa kanisa litakuwa tupu. Tukafunga ndoa siku ya kazi ya kawaida, isiyo na jina lolote. Baba mdogo aliomba ruhusa. Wajomba wa Gladys walitoka migodini, na migodi wakati ule ilikuwa inauzwa na kila mtu anaogopa kuonekana hayupo kazini, na bado walikuja. Mzee Masanja alifunga duka lake la dawa za mifugo. Tulikosa pa kukalisha watu.

Gladys yupo hapa pembeni ananisoma ninavyoandika, anasema nimemuelezea shangazi yake kama simba. Nimemwambia nimepunguza.

Mwaka wa pili wa ndoa aliugua sana, mimi niko Mbala na magunia. Nilipata habari siku nzima imeshapita. Nilirudi nikikimbia kila palipokuwa na kilima na gari likishindwa, nikilia njia nzima, namkumbuka yule dada yake Auntie Rhoda.

Nilipofungua mlango sikumuona mke wangu vizuri, maana chumba kilikuwa kimejaa watu. Mmoja ameshika kikombe cha maji.

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kisa cha kupishana na sikukuu za watu akilete, na mwenye kalenda ya Malawi anisaidie, nina mzigo unaelekea huko. Lakini kabla hujaandika, angalia leo ni siku gani. Kama ni siku ya kawaida tu, jiulize: vyungu vikifika getini kwako sasa hivi, nani anatoka kuvipokea? Mtaje hapo chini kwa jina, halafu nenda kamsalimie.